Kabla ya Kumpiga Mtoto Picha ya Ubongo kwa Kushukiwa Usonji

Mzazi wa Nairobi aliyeagizwa ampeleke mtoto wa miaka miwili kupigwa picha ya MRI, yaani picha ya ndani ya mwili inayopigwa kwa mashine yenye sumaku kubwa, aanze kwa kuisoma fomu aliyopewa. Ikiwa mahali pa sababu pameandikwa "usonji" tu, amrudie daktari amuulize ni kitu gani hasa kinachotafutwa, kwa maana hadi leo hakuna picha ya ubongo inayothibitisha usonji (autism). Hali hiyo hutambuliwa kwa kumtazama mtoto anavyocheza, anavyoitika jina na anavyoonyesha kitu kwa kidole, pamoja na historia anayoisimulia mzazi.

Picha ina kazi yake, hasa mtoto akiwa na kifafa, udhaifu wa upande mmoja wa mwili, au mabaka meupe ya ngozi ambayo pengine huandamana na vivimbe ndani ya ubongo. Ni kweli kwamba mwaka 2017 watafiti wa Marekani walieleza katika jarida la Nature jinsi uso wa ubongo ulivyopanuka upesi kati ya miezi 6 na 12 kwa watoto ambao baadaye walitambuliwa kuwa na usonji. Lakini watoto wale walichaguliwa kwa kuwa na ndugu mwenye usonji, nayo picha zao zilichambuliwa kwa kompyuta za utafiti, si kwa jicho la daktari wa picha.

Sababu ikiwa ya haki, uliza kama mtoto atapewa dawa ya usingizi na nani atamchunga akiwa amelala, kwani mashine hugonga kama nyundo juu ya bati na mtoto hapaswi kutikisika. Kabla ya dawa hiyo kwa kawaida hukaa bila chakula muda wa saa 6, bila maziwa ya mama saa 4 na bila maji saa 2, ila agizo la hospitali ndilo la kufuatwa. Mvue hereni, vikuku na hata hirizi, kwani sumaku haichagui chuma.

Ripoti ikisema ubongo ni wa kawaida, usonji haujaondolewa. Kama masikio hayajapimwa, yapimwe, maana asiyesikia vizuri naye haitiki jina. Kisha mpeleke akapimwe ukuaji, kwa mfano katika kituo cha KISE, taasisi ya Kenya ya elimu maalumu, kule Kasarani. Nenda na video ya simu: dakika mbili za mtoto akipanga vifuniko vya soda sakafuni, huku ukimwita jina kwa nyuma.