Namna ya Kuondoa Ubaguzi Katika Shamba la Chai Lenye Wafanyakazi wa Lugha Nyingi

Anza na daftari. Kabla ya kuitisha mkutano wa kuzungumzia usawa, chukua daftari la kazi la miezi 3 iliyopita, uangalie nani alipangiwa kazi gani na nani alipandishwa cheo. Katika mashamba ya chai ya magharibi mwa Uganda, kutoka Kikuube hadi Kyenjojo na Bushenyi, wenyeji huchuma pamoja na watu wa Nile Magharibi, wa Kigezi na wakimbizi wa Kongo waliopata makazi Kyangwali au Kyaka II. Hata hivyo, katika mashamba niliyoyafahamu mimi, wanyapara, makarani wa mzani na madereva wa trekta walitoka kabila moja, na karibu wote walikuwa wanaume. Hakuna aliyeandika amri ya namna hiyo. Mnyapara alipoambiwa atafute watu, aliwaita jamaa zake.

Kwa hiyo ondoa uajiri mikononi mwa mnyapara. Tangaza nafasi sokoni, kanisani na msikitini, kwa lugha ya wenyeji na kwa Kiswahili. Usimkatae mtu kwa sababu hana kitambulisho cha taifa: Sheria ya Wakimbizi ya 2006 inamruhusu mkimbizi kuajiriwa, na kitambulisho anachopewa na Ofisi ya Waziri Mkuu kinatosha kumtambulisha.

Jambo linalohitaji uangalifu zaidi ni ugawaji wa vitalu, maana mchumaji hulipwa kwa kilo. Anayepewa kitalu chenye majani mengi karibu na barabara hupata ujira mnono, ilhali anayepelekwa kwenye mteremko uliochumwa juzi hurudi na kikapu chepesi hata akijituma kutwa nzima. Mwenye kugawa vitalu ana uwezo wa kumshibisha au kumlaza mtu njaa, na hapo ndipo rushwa na madai ya ngono hupenyea. Gawa vitalu kwa kura kila asubuhi, mbele ya watu wote. Anayegawa asiwe ndiye anayepima, na uzito usomwe kwa sauti huku mchumaji akiutazama mzani. Makato ya maji yaliyomo kwenye majani nayo yaandikwe ubaoni, yasikadiriwe kwa macho.

Sheria ya Ajira ya 2006 inamtaka mwajiri mwenye wafanyakazi zaidi ya 25 kuchukua hatua za kuzuia unyanyasaji wa kingono. Teua watu wawili wa kupokea malalamiko, angalau mmoja awe mwanamke, na wasiwe chini ya mnyapara yeyote. Nimeona wanawake wakinyamaza misimu miwili kwa sababu mlango pekee wa kulalamika ulikuwa wa yule yule aliyewaonea.

Ujira ulipwe kwa kiwango kimoja kwa kazi moja, na ulipwe kwa aliyeufanyia kazi. Fedha za mwanamke zikitumwa kwenye simu ya mumewe, huenda asizione kamwe. Msaidie asajili laini yake mwenyewe.

Mama anayenyonyesha ajengewe kibanda chenye kivuli karibu na vitalu, kwa kuwa kibanda cha ofisini, umbali wa nusu saa, hakimsaidii. Muda wa kunyonyesha ulipwe kwa wastani wa kilo zake, la sivyo atalazimika kuchagua kati ya mtoto na mshahara. Mjamzito asipewe kazi ya kupuliza dawa. Likizo ya uzazi ni siku 60 za kazi, zenye malipo kamili. Wapo waajiri wanaowaachisha vibarua na kuwaandika upya ili wasizidai haki kama hizo. Kumbuka kwamba Kanuni za Ajira za 2011 zinampa kibarua aliyefanya kazi mfululizo kwa miezi 4 haki ya mkataba wa maandishi.

Mwenye ulemavu aulizwe mwenyewe anachoweza kufanya, kwani wengi huwekwa kufagia kiwandani ilhali wana mikono hodari ya kutunza kitalu cha miche. Kwa kiziwi, kengele ya kurudi nyumbani iambatane na bendera, na wanyapara wajifunze ishara za msingi; Katiba ya 1995 yenyewe inataka lugha ya alama iendelezwe.

Kuhusu lugha, tumia Kiswahili kwa upole. Raia wengi wa Uganda, hasa wazee, walikisikia kwanza katika amri za askari, na mnyapara anayekifoka huwarudisha kule. Maelezo ya usalama yatolewe pia kwa lugha ya kila kundi, na msikilizaji aombwe kuyarudia kwa maneno yake.

Sala ya Ijumaa na Sabato zipangiwe zamu mapema.

Baada ya miezi 3, fungua daftari tena, ulinganishe majina ya wanyapara na wastani wa kilo wa kila kundi, kisha matokeo yabandikwe penye mzani, ambapo kila mchumaji hupita.