Gari la mtu limewaka moto likaunguza lako lililopaki, unadai wapi?

Wengi wanadhani ni rahisi tu, gari lake ndo limewaka basi bima yake ilipe. Haiendi hivyo. Bima ya thedi pati, yaani ile inayolipa hasara za watu wengine tu, inalipa pale mwenye gari anapokuwa na kosa kisheria, sasa kampuni yake ikisema moto ulitokana na shoti ya waya ambayo mwenyewe asingeweza kuijua, sehemu nyingi unaweza kutoka mikono mitupu japo gari lako lilikuwa limezimwa na wewe hukuwepo kabisa. Inauma sana.

Kwa hiyo kama una bima kubwa (komprehensivu, ile inayolipa hata gari lako mwenyewe) anza na kampuni yako mwenyewe, usisubiri ya mwenzio. Bima kubwa kwa kawaida inalipa moto bila kujali umeanzia wapi, we unalipa ekses, yaani kile kiasi unachochangia mwenyewe, wao wanatengeneza, afu wanamfuata aliyesababisha kwa niaba yako. Waambie kabisa wadai na ekses yako humohumo, na uulize bonasi yako ya kutokudai, lile punguzo la bima kwa asiyedai, itakuwaje, maana kampuni nyingine wanaikata mpaka hela irudi. Ipo pia ile ya katikati, thedi pati pamoja na moto na wizi, watu wanaisahau kwamba wanayo! Toa mkataba wako usome kipengele cha moto, hasa kama lako halikushika moto ila limeyeyuka taa na bampa kwa joto au limejaa moshi, hapo maneno ya mkataba yana uzito.

Kama una thedi pati tupu, kila kitu kinategemea ushahidi, na ushahidi unapotea haraka. Piga picha kabla magari hayajavutwa, zioneshe namba za yote mawili, umbali kati yao na upande uliowaka zaidi. Chukua jina la mwenye gari na kampuni yake ya bima, omba rekodi za kamera kwa wenye parking mapema kwa sababu huwa zinafutika, ripoti polisi, na omba ripoti ya zimamoto, hiyo ndo inasema moto ulianzia wapi na pengine kwa nini. Unachotafuta ni uzembe: mafuta yalikuwa yanavuja na anajua, waya zimeungwaungwa kienyeji, au gari liliitwa na kiwanda lirekebishwe akapuuza. Ikionekana ni kasoro ya kiwandani, dai linaweza kwenda kwa mtengenezaji, ila hapo tafuta mwanasheria. Moto ukiwa mkubwa usitegemee sana bima ya mtu mmoja, pale Luton Uingereza, Oktoba 2023, gari moja la dizeli liliwasha jengo la parking la uwanja wa ndege na magari zaidi ya 1,000 yakaharibika.

Tafadhali usiwashe gari kuangalia kama bado linapiga, na usilipeleke gereji kabla asesa, yaani mkaguzi wa hasara wa bima, hajaliona. Joto linalainisha waya, mipira ya breki na matairi bila kuonekana kwa nje, na unga wa mtungi wa kuzimia moto ukikaa unakula vyuma na soketi za umeme. Mwambie asesa afungue boneti, aangalie chini pia, aandike kwamba madhara yaliyojificha yataongezwa yakipatikana.

Bima wakisema gari limekufa, yaani halifai kutengenezwa, utalipwa thamani ya soko ya siku ile, sio uliyonunulia, na kama lina mkopo benki inachukua chake kwanza. Ofa ikiwa ndogo wapelekee bei za magari kama lako, mwaka uleule na kilomita zinazokaribiana, na usisaini karatasi ya kumaliza madai mpaka uridhike, ukishasaini kurudi nyuma ni kazi kweli. Vitu vya ndani kama laptopu mara nyingi havimo. Risiti za usafiri zitunze zote, gharama hizo unaweza kumdai mwenye kosa hata kama bima yako haizilipi.