Kabla meli haijaondoka Galveston: mwandae mama kwa ukimya wako

Mara ya kwanza nilipopanda meli ya kitalii niliandaa kila kitu isipokuwa mama yangu. Nguo zilikuwa tayari, pasi ya kusafiria ipo, dawa za kichefuchefu zipo. Mama, aliyeko Tanga, nilimwambia tu kwamba naenda kutembea na meli wiki moja. Tuliondoka Galveston, Texas, Jumapili jioni, na tangu usiku ule hadi Jumatano kila meseji aliyonitumia WhatsApp ilibaki na tiki moja. Jumatatu alidhani nimelala. Jumanne alimpigia mdogo wangu Dar. Usiku wake ndugu zangu wakawa wanapekua habari za ajali za meli, naye mama yuko juu ya mkeka na tasbihi mkononi. Nilipopata waifai kwenye mgahawa mmoja wa Roatán, kisiwa cha Honduras, meseji zote ziliingia kwa mkupuo. Ya mwisho ilikuwa ya sauti, na sikuweza kuisikiliza hadi mwisho.

Nimesafiri tena mara mbili baada ya hapo, na sasa maandalizi yangu yanaanzia nyumbani, wiki mbili kabla. Ninayoyaandika hapa ni kwa yeyote kati yetu tunaoishi huku Marekani anayetaka kupumzika siku saba baharini bila kumtia mzazi homa.

Anza kwa kuwaeleza kwa nini hutapatikana, na uwaeleze kwa maneno yanayoingia akilini. Minara ya simu iko nchi kavu. Meli ikishaiacha pwani, minara ile haifiki tena, na simu yako inakuwa kama ya mtu aliyeingia msitu usio na mtandao. Meli yenyewe ina mawasiliano yake ya setilaiti, lakini hayo yananunuliwa, na kuna saa yanakatika. Safari za Galveston kwenda Karibi ya magharibi huwa na siku nzima moja au mbili za bahari tupu kabla ya bandari ya kwanza, na nyingine wakati wa kurudi. Wazee wetu wa pwani wanalielewa hili vizuri kuliko tunavyodhani. Mama yangu alikulia miongoni mwa wavuvi, na anajua mtu akienda baharini hatumi salamu hadi arudi. Alichokosa ni mtu wa kumwambia kwamba na mimi nimeenda baharini kwa namna hiyohiyo.

Ukishaeleza, panga saa, na hapa usifanye haraka. Tanzania na Kenya hazibadilishi saa mwaka mzima. Texas inabadilisha, Machi na Novemba, kwa hiyo tofauti na nyumbani ni saa nane kipindi cha joto cha huku na saa tisa kipindi cha baridi. Bandari nazo zina mambo yake. Cozumel na Costa Maya, zilizo Mexico, zina saa isiyobadilika. Wakati wa joto zinalingana na Galveston, wakati wa baridi ziko mbele kwa saa moja. Roatán na Belize nazo hazibadilishi, na wakati wa joto ziko nyuma ya Galveston kwa saa moja. Juu ya hayo kuna saa ya meli, ambayo nahodha anaweza kuiacha ilivyokuwa bandari ya kuondokea hata mkifika nchi nyingine. Simu inayojibadilisha saa yenyewe itakuchanganya, na anayechanganyikiwa saa huachwa bandarini. Ukiuliza saa, uliza ya meli.

Kwa walio nyumbani usiwape hesabu yote hiyo. Wape saa yao tu, na uitaje kwa Kiswahili. Nimewahi kumwandikia mjomba "saa 7" nikimaanisha saba ya huku, ya asubuhi, naye akakaa na simu tangu saa saba mchana akisubiri. Siku hizi namfungia mama ahadi na swala: nitapiga baada ya Magharibi. Tanga iko karibu na ikweta, Magharibi yake haihami sana, na hakuna siku atakayokosea. Magharibi ya kule ikishaswaliwa, saa moja usiku, Roatán ni saa nne asubuhi, nami ndiyo kwanza nimeshuka. Siku za baharini, kama nimenunua intaneti, napiga saa moja asubuhi ya meli kabla watu hawajaamka na kuugawana mtandao. Wakati wa joto Tanga inakuwa saa tisa alasiri. Na waambie mapema: nikichelewa, msihesabu dakika, hesabuni hadi kesho yake muda kama huo. Sisi tumekubaliana kwamba hofu inaanza baada ya ahadi mbili kupita, si moja.

Sasa simu yenyewe. Meli nyingi zina mnara wao mdogo uliounganishwa na setilaiti. Unazimwa meli ikiwa bandarini au karibu na nchi, mara nyingi ndani ya maili 12 za baharini, ambazo ni kilomita 22 hivi, kisha unawashwa. Simu yako ikiuona itaudaka kama inavyodaka mtandao wowote wa nchi ya nje, bila kukuuliza, na kila dakika, meseji na data inayopita hapo inalipiwa kwa bei ya baharini. Kifurushi chako cha kutumia laini nje ya nchi, hata kile kinachosifiwa kwamba kinafika nchi nyingi, kwa kawaida hakihesabu meli. Kwa hiyo meli ikianza kusogea, weka simu kwenye hali ya ndegeni, halafu washa waifai peke yake. Mfundishe na mtoto uliyesafiri naye, na uhakikishe mwenyewe kila simu. Familia moja ninayoifahamu ilikumbuka simu nne, ikaisahau tableti ya mtoto iliyokuwa na laini ndani, na bili ilikuja baada ya mwezi.

Intaneti ya meli inunuliwe kabla ya kupanda, kwenye programu ya kampuni ya meli, kwa sababu ukingoja hadi uwe ndani bei huwa juu. Soma kifurushi kinaruhusu nini. Kuna vya meseji na mitandao ya kijamii tu, ambavyo WhatsApp inatuma maandishi lakini kupiga kunagoma, na kuna vya juu vinavyoruhusu video. Mama hasomi maandishi vizuri siku hizi, macho yamechoka, kwa hiyo kwangu kifurushi kisichopitisha sauti ni kutupa hela bure. Kifurushi kimoja mara nyingi ni cha kifaa kimoja kwa wakati mmoja. Mke na mume mnaweza kupokezana: mmoja anatoka, mwingine anaingia.

Ubora wa mawasiliano unategemea setilaiti zinazotumika. Zile za zamani ziko juu karibu kilomita 36,000, na sauti ikienda na jibu likirudi inapita zaidi ya nusu sekunde. Unasema "shikamoo" na marahaba inakuja wakati umeshaanza sentensi nyingine. Zile za Starlink, ambazo meli nyingi za kitalii zinazitumia tangu mwaka 2022, ziko kilomita 550 hivi tu kutoka ardhini, na mazungumzo yanakwenda karibu kama ya mjini. Hata hivyo usimwahidi mtu video ya kila siku. Ahadi ndogo inayotimia inamtuliza mzazi kuliko kubwa inayokatika katikati.

Kuna jambo la namba za siri ambalo watu wengi wanalisahau. Simu ikiwa kwenye hali ya ndegeni, meseji za kawaida mara nyingi hazikufikii, na hizo ndizo zinazoleta namba za kuthibitisha: za benki, za programu za kutuma pesa nyumbani, na ile ya tarakimu sita ya WhatsApp. Kwa hiyo usibadilishe simu wiki ya safari. Usiifute WhatsApp ukidhani utaipakua upya ukiwa kule. Na pesa ya nyumbani itume kabla. Kama mama anatumia dawa za presha, ada ya mtoto wa dada inadaiwa, au fundi anasubiri malipo ya bati, maliza Ijumaa. Mimi humwachia mdogo wangu kiasi cha dharura kwenye simu yake, tukiwa tumeelewana kwamba kisipoguswa kinabaki kuwa akiba ya mwezi unaofuata. Hapo hakuna atakayelazimika kunitafuta baharini kwa sababu ya hela.

Ukimya wako ni nafasi kwa matapeli pia. Ukiweka picha ya meli mtandaoni siku ya kuondoka, umeshatangaza kwamba wiki nzima huwezi kupigiwa na kuulizwa. Kinachofuata ni namba ngeni kumwambia mama yako kwamba umelazwa Mexico, tuma pesa haraka kwa namba hii. Kubalianeni neno moja la siri la kifamilia, la kawaida, kama jina la ng'ombe wa babu, na anayeomba pesa kwa jina lako bila neno hilo asipewe kitu. Picha weka ukirudi.

Karatasi ya kuacha nyumbani iandikwe kwa mkono au ipigwe picha, wapewe watu wawili. Iwe na jina la meli na la kampuni, namba ya nafasi uliyokata, bandari na tarehe zake, na jina lako kama lilivyo kwenye pasi. Hili la jina nalisisitiza. Nyumbani mimi ni Mama Salma, na nusu ya ukoo hawajui jina langu la pili. Ukiwapigia watu wa meli ukimtafuta Mama Salma, hawatampata. Andika pia mtu mmoja aliyeko Marekani atakayekuwa daraja, kwa sababu namba za bure za kampuni za huku mara nyingi hazipigiki ukiwa Tanzania, na Kiingereza cha haraka cha kwenye simu kinamtisha hata anayekijua. Mimi namtumia jirani yangu kutoka Bukavu, Kongo. Kiswahili chake na cha mama vinapishana hapa na pale, lakini wanaelewana vizuri.

Vijana wa nyumbani watataka kuifuatilia meli kwenye ramani, na wanaweza, kupitia tovuti za MarineTraffic au VesselFinder. Wape namba ya IMO ya meli, yaani namba yake ya utambulisho wa kimataifa, ina tarakimu saba na haibadiliki hata meli ikibadilishwa jina. Ila waonye mapema: ramani hizo, zile za bure, zinategemea vipokezi vya pwani, na meli ikifika katikati ya Ghuba ya Mexico alama yake inaganda palepale kwa saa nyingi au inapotea kabisa. Meli haijazama, imetoka tu nje ya masikio ya pwani. Mdogo wangu alipolijua hili ndipo alipoacha kuwaamsha watu usiku.

Mwisho kuna mazungumzo magumu, na ni bora yafanyike kwa sauti, si kwa meseji. Je, ukipatikana msiba ukiwa baharini, unataka kuambiwa? Desturi yetu ni kumficha msafiri hadi arudi, na wanaofanya hivyo wanakupenda. Mimi nimewaambia wangu waniambie, kwa kupitia mapokezi ya meli kama simu haipatikani. Rafiki yangu mmoja ameomba asiambiwe, kwa sababu mazishi kwao hayasubiri siku ya pili, na hata akijua hawezi kushuka hadi bandari inayofuata. Kila mmoja ana haki ya jibu lake, ila jibu lijulikane kabla. Na kama umechagua kuambiwa, chukua pasi ya kusafiria hata kama una uraia wa Marekani na umeambiwa cheti cha kuzaliwa kinatosha kwa safari inayorudi bandari ileile. Kupanda ndege kutoka Roatán au Cozumel kurudi Marekani, cheti hakitoshi.

Siku ya kuondoka, zoezi la dharura likishafanyika na kabla sijazima mtandao, namtumia mama meseji ya sauti. Galveston inakuwa saa kumi jioni na Tanga ni saa sita usiku, kwa hiyo ataisikia alfajiri. Ya safari iliyopita ninayo bado kwenye simu:

"Mama, shikamoo. Tumeshapanda, chumba kizuri, meli inaondoka sasa hivi. Kesho Jumatatu na Jumanne hutanipata, utaona tiki moja, usijali, ni bahari. Jumatano baada ya Magharibi kaa karibu na simu, nitapiga kwa video nikuonyeshe maji ya Roatán. Dawa zako za mwezi anazo Hamisi. Ukiulizwa pesa, uliza kwanza ng'ombe wa babu anaitwaje."