Meseji za Mtoto: Kukagua Bila Kupeleleza

Mzazi akifika kwenye meza yangu ya ufundi na simu ya mtoto mkononi, ombi huwa ni lile lile: "Fundi, niwekee kitu humu nione kila anachoandika." Nami humuuliza swali moja: "Mwenye simu anajua?" Wengi hukaa kimya.

Programu za kupeleleza zipo, na kuziweka si kazi ngumu. Mimi siziweki. Nyingi hudai kwanza uzime Play Protect, yaani ulinzi wa simu yenyewe, kisha hupeleka meseji na picha za mwanao kwenye seva ya watu usiowajua. Seva za namna hiyo zimeshavuja zaidi ya mara moja. Halafu mtoto akigundua, na watoto hugundua, atafungua akaunti ya pili kwenye simu ya rafiki yake. Utabaki unakagua simu isiyo na kitu.

Nawaelekeza wazazi hivi.

Hatua ya 1: Ongea naye kabla ya kugusa simu

Usianze na "kama huna cha kuficha, unaogopa nini?" Hapo umeshashindwa. Mwambie wazi utaangalia nini na lini: "Kila Jumapili jioni tutakaa na simu yako. Nataka kujua unaongea na nani. Stori zako na marafiki sitazisoma, ila nikiona mtu nisiyemwelewa nitakuomba unifungulie." Mtoto wa miaka 9 unaweza kumsomea zaidi, wa 16 punguza.

Kisha mpe ahadi hii, na uitimize: "Ukiniletea jambo baya, sitakunyang'anya simu." Wanaowatishia watoto mitandaoni wanaijua sana hofu hiyo ya kunyang'anywa simu, na wanaitumia.

Hatua ya 2: Funga milango ya wageni

Kwenye Android weka Family Link, programu ya Google ya mzazi kusimamia simu ya mtoto. Utaidhinisha programu kabla hazijapakuliwa na utapanga muda wa kutumia simu. Haionyeshi meseji za WhatsApp, hata kama jirani amekuambia inaonyesha. Kwenye iPhone, ndani ya mipangilio ya muda wa skrini, washa ulinzi unaotia ukungu picha za utupu kabla mtoto hajazifungua. Instagram na Snapchat zina usimamizi wa mzazi: utaona mtoto ameandikiana na nani katika siku 7 zilizopita, bila kuona walichoandikiana. Kwangu hiyo inatosha kabisa kuanzia.

WhatsApp nenda mipangilio, kisha faragha. Ruhusu waliomo kwenye orodha ya namba zake tu wamwingize kwenye makundi, na nyamazisha simu za watu asiowajua. Weka pia PIN ya uthibitisho wa hatua mbili, na mfundishe kwamba ule msimbo wa tarakimu 6 unaokuja kwa meseji hapewi mtu yeyote, hata akijitambulisha kuwa mwalimu.

Usitoke hapo kabla hujafungua sehemu ya vifaa vilivyounganishwa. Nilipomfungulia mama mmoja, tulikuta kompyuta ambayo hakuna aliyeijua nyumbani kwao. Binti alifikiri, akakumbuka: mwenzake aliazima simu "apige mara moja tu". Tangu siku hiyo alikuwa anasomewa kila kitu. Tuliigusa ile kompyuta kwenye orodha, tukaiondoa, basi.

Hatua ya 3: Kikao chenyewe

Simu ashike mtoto. Wewe uliza majina: huyu ni nani, mlijuana wapi? Namba isiyo na jina, au mtu waliyekutana kwenye mchezo wa mtandaoni akamhamishia WhatsApp, hapo ndipo unaposimama. Jumbe zinazotoweka baada ya saa 24 si kosa peke yake, vijana wengi huziwasha tu. Zikiwa zimewashwa kwa mtu mmoja, naye ni mgeni, uliza nani aliziwasha.

Matusi na utani wa wao kwa wao yapite. Baba mmoja alinijia akitetemeka kwa sababu ya "kesho nakuua". Walikuwa wanapangana mechi.

Kinachonitisha mimi huwa kimeandikwa kwa upole. "We si kama wenzako, una akili ya kikubwa." Baada ya siku chache: "Usimwambie mama, hataelewa." Kisha: "Njoo Telegram, huku siingii sana." Halafu picha. Ukiusoma mstari mmoja peke yake huoni kitu, kwa hiyo tazama mpangilio: sifa, siri, kuhama, picha.

Hatua ya 4: Ukikuta vitisho

Mtu akitishia kusambaza picha za mtoto, usilipe. Malipo ya kwanza humwonyesha tu kuwa unalipa. Usifute chochote. Piga picha za skrini za vitisho, namba na jina la akaunti. Picha ya utupu yenyewe usiinakili wala usiitume kwa ndugu "ajionee", maana nchi nyingi huhesabu hilo kuwa kosa hata kwa mzazi.

Ukishahifadhi ushahidi, ripoti akaunti ndani ya programu, kisha izuie. Soma kila kisanduku kabla ya kubonyeza, kwa sababu kuna chaguo la kuripoti linalofuta maongezi papo hapo. Take It Down, huduma ya bure ya NCMEC, shirika la Marekani la kulinda watoto, hutengeneza alama ya kidijitali ya picha bila picha kutoka kwenye simu yako, na mitandao iliyojiunga huitumia kuitafuta na kuiondoa.

Simu ipeleke polisi ilivyo, bila kuirudisha kwenye hali ya kiwandani. Na usiku huo mtoto asilale peke yake.