Maktaba na ngoma kwenye kiwanja kimoja: projekti ya jengo la umma hatua kwa hatua, toka brifu mpaka kriti

Wiki tatu zilizopita mtoto wa shangazi yangu, yuko mwaka wa tatu usanifu majengo, kanipigia saa tano usiku sauti imemkauka: "Dada, kriti ni Alhamisi, nimechora wiki sita na sijui jengo langu lina shida gani." Projekti yao ni maktaba ya jamii yenye kituo cha utamaduni Bagamoyo, karibu na ufukwe. Ukumbi wa watu 200, chumba cha mazoezi ya ngoma na maigizo, chumba cha maonyesho, mgahawa, ofisi. Mi enzi zangu nilipewa inayofanana nayo na nilichanwa kwenye kriti, ile siku ya kutetea michoro mbele ya wahadhiri, mpaka nikaona aibu kubandua karatasi zangu ukutani. Nikakaa na dogo siku tatu, na naandika tulichofanya kwa sababu haya maswali naulizwa kila muhula na nimechoka kutuma voisi za dakika saba.

Kama umekuja kutafuta namna ya kurenda, yaani kutengeneza picha ya kompyuta yenye anga la machweo na ndege wanaruka, hapa hamna.

1. Igeuze brifu iwe watu

Brifu, ile karatasi ya maelezo ya kazi, inakupa orodha ya vyumba na skwea mita. Iweke pembeni kwanza, chukua karatasi andika nani anakuja, saa ngapi, na kabeba nini. Mwanafunzi wa sekondari anakuja saa tisa mchana, ana begi na kiu, anataka meza na feni. Mzee anakuja asubuhi kusoma gazeti na hataki kupanda ngazi. Kikundi cha ngoma kinakuja saa kumi jioni na ngoma sita zimejazwa kwenye bajaji. Mama anakuja na mtoto mgongoni kumwangalia mwanae mkubwa akiigiza.

Ukimaliza utaona kitu ambacho brifu haikuambii: saa kumi jioni msomaji na mpiga ngoma wote wapo ndani. Hiyo ndo projekti yenyewe, vingine ni kupanga vyumba tu. Dogo alikuwa kaweka chumba cha mazoezi juu kabisa ya chumba cha kusomea, eti vinalingana ukubwa na nguzo zinapangana vizuri. Nikamwambia haya, soma meseji yoyote kwenye simu yako kwa sauti, nikaanza kuipiga meza kwa viganja. Hakumaliza mstari wa kwanza, akavuta raba.

2. Nenda sait mara mbili

Asubuhi mara moja na alasiri mara moja. Ile safari ya basi la chuo watu arobaini mnapiga picha Boma, lile jengo la zamani la Wajerumani, mnarudi haihesabiki. Panda daladala nenda na tepu, daftari na mtu mmoja wa kushika upande wa pili wa tepu.

Halafu ongea na watu. Sisi tulikaa kwa mzee mmoja anauza kahawa na kashata karibu na kiwanja. "Shikamoo mzee." "Marahaba wanangu. Mnapima tena? Kila mwaka mnakuja kupima, tofali hata moja hatujaliona." Tukacheka, tukanywa vikombe viwili viwili, ndo akainuka akatuonyesha ukuta wa jirani, mstari wa rangi ya udongo: maji ya masika yanafikaga hapo. Dogo akapima, sentimita 38 toka ardhini. Kwenye ramani tuliyopewa chuoni kiwanja ni tambarare kama meza. Sakafu yetu ikapanda mpaka milimita 450 kwa sababu ya kikombe cha kahawa, kumbuka hiyo namba, nitairudia.

3. Presedenti (majengo ya kujifunzia) tatu, sio thelathini

Ubao wa picha thelathini za Pinterest haukufundishi kitu. Chagua tatu, na kila moja uichore mwenyewe kwa mkono, plani (jengo likitazamwa toka juu) na seksheni (jengo likikatwa toka paa mpaka chini), mpaka uelewe inafanyaje kazi. Tulizochukua sisi:

Soko la Kariakoo la Beda Amuli, la miaka ya 1970. Wengi wanaliona ni zege tu, ila chora seksheni yake uone: ile miavuli ya zege juu inatoa kivuli, inaruhusu hewa itoke na inakusanya maji ya mvua. Paa moja, kazi tatu. Julai 2021 liliungua, lakini wazo liko pale pale.

Maktaba ya Muyinga, Burundi, ya BC Architects, 2012. Matofali ya udongo wa kushindilia, vigae vilivyotengenezwa huko huko, kibaraza kirefu kinakimbia urefu wote wa jengo kama kwenye nyumba za kule, na nguzo ziko kila mita 1.3 zinaegemeza kuta. Watoto wamefungiwa wavu wa kamba za katani wanalala humo wanasoma. Ni jengo dogo, kwahiyo mwanafunzi unaweza kulimaliza lote.

Ya tatu nyumba ya kale ya Lamu. Unaingia kwenye daka, kile kibaraza cha mlangoni, mgeni anakaa barazani pale pale, anayejulikana zaidi anaingia kiwandani, yaani ua wa ndani, na ndani ni ndani kweli. Huo mpangilio wa nani anafika wapi ndo uswahili wa kuchukua. Usichukue mlango wa nakshi ukaubandika mbele ya ukuta wa kioo ukasema konsepti yako ni utamaduni wa pwani, tafadhali.

4. Mapovu

Ni mchoro wa miduara, kila duara ni chumba au kazi moja, unaona nini kikae karibu na nini. Kelele upande wa barabara, kimya upande mwingine, ua katikati. Nusu siku, songa mbele.

5. Jua na kaskazini (soma hii hata kama hutasoma nyingine)

Hapa ndo nilipofia mimi, na hapa ndo nilimkuta dogo anafia.

Enzi zangu nilisoma vitabu vya Ulaya vinasema chumba cha maonyesho kipewe mwanga wa kaskazini, ni laini, hauunguzi picha. Nikapiga kioo ukuta mzima wa kaskazini, halafu upande wa kusini nikaweka baraza nene na luva (vibao vya kuzuia jua), nikajiona mtaalamu wa hali ya hewa. Modeli kwenye SketchUp, programu ya kujengea modeli kwenye kompyuta, ikanikubalia kabisa, vivuli safi. Siku ya kriti mhadhiri mmoja akaniuliza polepole, "Jengo lako liko Bagamoyo au Berlin?"

Ulaya jua la mchana liko kusini mwaka mzima. Bagamoyo iko nyuzi 6.44 kusini mwa ikweta, kwahiyo toka mwanzoni mwa Machi mpaka karibu tarehe 10 Oktoba jua la mchana liko upande wa kaskazini, linapita utosini, halafu linahamia kusini mpaka Machi tena. Miezi saba na zaidi kioo changu "laini" kingekuwa kinapigwa jua moja kwa moja. Na SketchUp ilinikubalia kwa sababu ukifungua faili jipya yenyewe inadhani uko Boulder, Colorado, Marekani. Sikuwahi kuiambia nimehama. Nilikesha siku nne nachora vivuli vya Colorado.

Kwahiyo fanya hivi, kwa mpangilio huu:

Nenda Window, Model Info, Geo-location. Kama intaneti ipo tumia Add Location uchague kiwanja kwenye ramani. Kama haipo weka kwa mkono, 6.44 na 38.90, ila hakikisha ya kwanza inaishia na S na ya pili E. Ikibaki N umejenga Ethiopia.

Kisha fungua paneli ya Shadows uangalie UTC, yaani majira ya saa ya eneo, iwe +03:00. Usiiamini ijiweke yenyewe, angalia kwa macho. Na saa za humo ni za kizungu, saa kumi jioni ni 16:00, usicheke, nimeona mtu kaweka 10:00 akashangaa jua liko mashariki.

Sasa mtego wa pili, huu ndo uliomkamata dogo. Eneo aliweka sawa kabisa, Bagamoyo, UTC sawa, na bado vivuli vilikuwa vinadanganya. Tumetafuta masaa mawili. Kumbe kwenye AutoCAD, programu ya kuchorea ramani, alizungusha ramani ya kiwanja nyuzi 40 hivi ili barabara ilale sawa na karatasi, iwe rahisi kuchora, akasahau, akaiingiza SketchUp hivyo hivyo. SketchUp haijui umezungusha, yenyewe inajua mstari wa kijani ndo kaskazini, basi. Bahari ikawa kaskazini kabisa na jengo zima limepinda kichwa. Kuna watu watakwambia tumia kiendelezi cha kuzungusha kaskazini, mi sitaki, maana ukimpa mwenzako faili hajui umechezea nini. Weka modeli yote kwenye grupu moja, lizungushe lirudi kwenye kaskazini halisi, halafu ukitaka kuchora sawa na kuta ingia ndani ya grupu, mistari inafuata.

Jaribio la mwisho, la dakika mbili. Simamisha nguzo ya mita 3 pembeni ya jengo. Weka tarehe 21 Juni, saa sita mchana: kivuli kiende kusini, urefu kama mita 1.7. Weka 21 Desemba saa hiyo hiyo: kiende kaskazini, chini kidogo ya mita moja. Ukiona Desemba kivuli kina mita 6, karibu Colorado. Hiyo nguzo iache kwenye faili mpaka siku ya mwisho, usiifute.

Ukishakuwa na vivuli vya kweli, plani inajipanga nusu yenyewe. Pande ndefu zitazame kaskazini na kusini. Dirisha la kaskazini la urefu wa mita 1.8 linataka paa litokeze mita moja na kidogo juu yake, kusini hata nusu ya hapo inatosha kwa mchana. Mashariki na magharibi kutokeza kwa paa hakusaidii, jua linaingia limelala, huko weka stoo, vyoo, ngazi, ukuta mzito. Tatizo la Bagamoyo ni kwamba bahari iko upande wa jua la asubuhi na kila mwanafunzi anataka kioo kikubwa kinachoangalia bahari. Sisi tuliweka mgahawa upande huo bila kioo kabisa, baraza la mita 3 lililo wazi, kusi na kaskazi zote zinapita hapo. Saa tatu asubuhi meza za mbele zina jua, ndio, watu watahamia za nyuma, si ndo tunavyoishi?

6. Seksheni kabla ya elevesheni (sura ya nje ya jengo)

Kwa mkono, skeli 1:50, kwenye trasing (karatasi inayoonyesha chini), na mtu amesimama ndani. Mkono nasisitiza, maana kwenye Revit, programu nyingine ya kuchorea majengo, unapata seksheni bure na kitu cha bure huwa hukiangalii. Onyesha hewa inaingia wapi chini na inatokea wapi juu, maji ya paa yanaenda wapi, na sauti ya ngoma inazuiwa na nini. Kwetu ua na ukuta wa stoo viko katikati ya chumba cha mazoezi na maktaba. Elevesheni itajitokeza yenyewe, na kama ni mbaya basi seksheni yako ndo mbaya.

7. Rampu na vyoo

Ile 450 imerudi. Rampu, ile njia ya mteremko badala ya ngazi, ni 1:12, kwahiyo kupanda 450 unahitaji mita 5.4 za rampu bila kuhesabu sehemu tambarare juu na chini. Ngazi ni vipandio vitatu tu vya 150. Ukiiacha rampu mwisho itaishia nyuma jikoni karibu na pipa la taka, na yule mzee wa gazeti ndo ataingilia huko. Anza nayo, iwe ndo njia kuu, ngazi iwe ya wenye haraka.

Vyoo vya wanawake viwe vingi kuliko vya wanaume, anayebisha akasimame nje ya ukumbi wowote wakati wa mapumziko ya onyesho.

8. Modeli ya boksi

Boksi la dukani, katta, gundi, skeli 1:200. Tengeneza mbaya mbaya tatu mapema, usitengeneze moja nzuri usiku wa mwisho. Itoe nje juani uizungushe.

9. Kuchapisha

PDF, siku moja kabla, sio asubuhi ile. Chapisha A3 moja kwanza usome maandishi kwa umbali wa mkono. Basi.

10. Kriti

Usianze na "konsepti yangu imetokana na". Anza na mstari wa udongo ukutani, au na bajaji yenye ngoma sita. Dogo alianza na mzee wa kahawa, wahadhiri mezani wakaacha kuchezea simu. Walimuuliza ya jua, akaonyesha nguzo ya mita 3. Walimuuliza ya sauti, akaonyesha seksheni. Halafu mama mmoja mbunifu aliyealikwa, alikuwa kimya muda wote, akauliza, "Mwanangu, mvua ikinyesha, hiyo bajaji inashushia ngoma wapi?"

Hatukuwa nayo. Siku tatu tunaongelea hiyo bajaji na hakuna aliyeichorea kibanda. Jana kanitumia skechi, kaliongeza paa la upande wa barabara mita 2.5, ila nguzo yake moja imesimama katikati ya rampu. Nimempigia, hapokei.