Kuhama shule ukiwa China: makaratasi ya kibali cha kazi kwa mpangilio wake

Somo hili ni la mwalimu ambaye tayari yuko China kihalali na anataka kuhamia shule nyingine bila kulazimika kutoka nchini. Anayeingia kwa mara ya kwanza na viza ya Z, yaani viza ya kazi, ana njia yake tofauti.

Kwanza elewa kwamba unashika vibali viwili vinavyotoka kwenye ofisi mbili. Kibali cha kazi hutolewa na mamlaka ya mji inayosimamia wageni wanaofanya kazi. Kibali cha ukaazi, ile stika inayojaza ukurasa mzima wa pasipoti, hutolewa na kitengo cha uhamiaji cha polisi. Vyote viwili vimefungwa kwa mwajiri mmoja aliyeandikwa. Walimu wengi wanaponzwa na tarehe ya kwenye stika. Wanaona imebaki miezi minane, wanaacha kazi wakidhani wana miezi minane ya kutafuta nyingine. Hawana. Ajira ikikatika, sababu ya stika hiyo kuwepo imekatika pia, na mwajiri anatakiwa kisheria kuwaarifu polisi kwamba umeondoka.

Hatua ya 1: Ichunguze shule mpya kabla hujatoa notisi

Omba nakala ya leseni yao na uthibitisho kwamba wana akaunti kwenye mfumo wa vibali vya wageni. Shule isiyo na akaunti itabidi isajiliwe kwanza, na siku za kusubiri usajili huo zinakula siku zako wewe. Uliza pia kibali kitaandikwa jina gani la mwajiri. Ukisaini mkataba na kampuni moja, kibali kikatoka kwa jina la nyingine, halafu ukafundisha kwenye jengo la tatu, polisi wakikagua darasa wewe ndiye utakayeonekana umefanya kazi nje ya kibali.

Kisha uliza cheo. Hapa ndipo penye tofauti kubwa. Anayebadilisha mwajiri huku kazi ikibaki ileile, na ukaazi wake wa kazi ukiwa hai, anaruhusiwa kuombewa kibali kipya akiwa ndani ya nchi, na nyaraka zake nyingi za zamani hukubaliwa. Mwalimu wa lugha anayegeuka mratibu wa masomo au mwalimu wa hisabati huweza kuhesabiwa kuwa amebadili kazi, na hapo shahada, uzoefu na hati ya polisi (ya kuthibitisha kwamba huna rekodi ya jinai) vinaanza kuulizwa upya.

Hatua ya 2: Notisi

Sheria ya Mikataba ya Kazi, kifungu cha 37, inataka notisi ya maandishi ya siku 30, au siku 3 ukiwa kwenye kipindi cha majaribio. Mikataba mingi ya shule huandika siku 60, kwa hiyo usome wako. Toa karatasi iliyosainiwa na utume nakala kwa barua pepe. Ujumbe wa simu kwa mkuu wa shule peke yake ni ushahidi dhaifu.

Andika siku ya mwisho ya kazi kwa tarehe kamili. Usiandike "mwisho wa muhula". Kwako wewe hiyo ni siku ya mwisho ya mitihani, kwa mhasibu ni siku ya mwisho ya malipo ya likizo, na ofisi ya vibali inahesabu siku kuanzia tarehe ambayo mkataba ulikatika.

Hatua ya 3: Karatasi mbili za kutoka nazo

Ya kwanza ni cheti cha kuacha kazi, kwa Kichina *lizhi zhengming*. Ya pili ni uthibitisho kwamba kibali cha kazi cha zamani kimefutwa, *zhuxiao zhengming*. Watu huzichanganya. Cheti cha kwanza kinaandikwa na shule yenyewe. Cha pili kinatoka kwenye mfumo wa serikali baada ya shule kuomba ufutaji, jambo inalotakiwa kulifanya ndani ya siku 10 za kazi tangu mkataba kukatika. Shule mpya haiwezi kukuombea kibali wakati cha zamani bado kinasoma hai kwenye mfumo.

Kwenye *lizhi zhengming* kagua haya kabla ya kuipokea:

- jina lako lote kama lilivyo kwenye pasipoti, kwa mpangilio uleule;
- namba ya pasipoti unayotumia sasa;
- cheo, tarehe ya kuanza na tarehe ya kumaliza;
- muhuri mwekundu wa duara wa shule. Saini ya mkuu bila muhuri haihesabiki.

Tarehe ya kumaliza kwenye cheti ifanane na ile ya kwenye maombi ya ufutaji. Zikitofautiana hata kwa siku moja, maombi ya shule mpya hurudishwa, na marekebisho yanabaki mikononi mwa mwajiri ambaye hana tena haja nawe. Kwa hiyo rasimu ya cheti ikamilishwe ukiwa bado unaingia kazini kila asubuhi. Muhuri usubiri siku ya mwisho, lakini maneno yawe yamekubaliwa mapema.

Kuna mtego mwingine: usikubali ufutaji ufanyike kabla shule mpya haijakusanya nyaraka zote. Saa ya ukaazi wako inaanza kukimbia siku hiyo.

Hatua ya 4: Kibali kipya cha kazi

Mwajiri mpya ndiye anayeomba, kwa kupandisha nyaraka kwenye mfumo kisha kupeleka nakala halisi pale ofisi inapotaka kuziona. Andaa pasipoti, mkataba mpya uliosainiwa na kugongwa muhuri, karatasi mbili za hatua ya 3, shahada iliyothibitishwa, picha yenye mandhari meupe, na cheti cha afya pamoja na hati ya polisi pale zinapotakiwa. Hizi mbili za mwisho zisiwe na umri wa zaidi ya miezi 6.

Kuhusu uthibitisho wa shahada: tangu tarehe 7 Novemba 2023 China imo kwenye Mkataba wa Apostille, unaoruhusu hati ya nchi moja kukubaliwa nyingine kwa muhuri mmoja wa uthibitisho uitwao apostili. Nyaraka kutoka nchi mwanachama hutosha na apostili. Za nchi isiyo mwanachama bado hupitia wizara ya mambo ya nje ya nchi hiyo, kisha ubalozi wa China. Tafsiri ya Kichina iwe na muhuri wa kampuni ya tafsiri; uliyoifanya mwenyewe itarudishwa hata ikiwa sahihi kabisa.

Kinachokwamisha maombi zaidi ni majina. Shahada ina majina mawili, pasipoti ina matatu. Au shahada ina jina la kabla ya ndoa. Hapo hutakiwa hati ya kiapo ya majina, nayo ithibitishwe kama ilivyothibitishwa shahada. Waliobadilisha pasipoti waitunze ya zamani, maana ndiyo kiungo kati ya namba mbili.

Hatua ya 5: Kibali cha ukaazi

Sheria ya Kutoka na Kuingia inatoa siku 10 tangu taarifa za kibali kubadilika uwe umeomba mabadiliko polisi. Nenda mwenyewe, na pasipoti, kibali kipya cha kazi, barua ya shule, na usajili wa anwani. Pasipoti hubaki ofisini hadi siku 15. Unapewa stakabadhi yenye picha, nayo ndiyo inayokufanya uwe halali kwa muda huo. Ada ni yuani 400 kwa kibali cha chini ya mwaka mmoja, 800 kwa mwaka 1 hadi 3.

Ukihama nyumba, jisajili kituo cha polisi cha mtaa ndani ya saa 24. Fanya hivyo kabla ya kwenda uhamiaji, la sivyo utarudishwa dirishani.

Maswali ya walimu

Swali: Habari zenu walimu. Shule inasema haitatoa cheti hadi mwalimu alipe fidia ya kuvunja mkataba. Ina haki?

Jibu: Salama ndugu. Cheti na fidia ni mambo mawili yasiyofungamana. Kifungu cha 50 cha Sheria ya Mikataba ya Kazi kinamtaka mwajiri atoe cheti mkataba unapokatika. Kama wana dai, walipeleke kwenye usuluhishi wa migogoro ya kazi. Andika ombi la cheti, utaje kifungu hicho, uwape tarehe. Wakikaa kimya, piga 12333, simu ya mambo ya kazi, au fungua shauri la usuluhishi mwenyewe. Halina ada, na muda wa kulifungua ni mwaka 1. Ila shauri huchukua wiki kadhaa na ukaazi wako hausimami kulisubiri, hivyo kama kuna namna ya kuelewana kwa maandishi, ianze hiyo.

Swali: Naweza kuanza kufundisha shule mpya huku maombi yanasubiri? Wananiambia ni "mafunzo" tu.

Jibu: Hapana. Ukikutwa mbele ya wanafunzi, neno mafunzo halitakusaidia. Faini ya mfanyakazi ni yuani 5,000 hadi 20,000, na kwa kosa zito kuna kizuizi cha siku 5 hadi 15. Shule hutozwa yuani 10,000 kwa kila mtu. Wakatae kwa upole na uombe tarehe ya kuanza iandikwe baada ya kibali kutoka.

Swali: Kibali cha kazi kimeshafutwa na shule mpya inafungua Septemba. Nifanyeje hapo katikati?

Jibu: Nenda uhamiaji kabla siku zako za kukaa kihalali hazijaisha, uombe hati ya kukaa kwa muda, ambayo kwa kawaida haizidi siku 30. Kama pengo ni refu kuliko hapo, toka nchini na uanze upya na viza ya Z. Ni gharama, lakini kupitisha muda hutozwa yuani 500 kwa siku hadi 10,000, na doa hilo litaonekana kwenye maombi yanayofuata.

Swali: Mke wangu na watoto wako kwenye ukaazi wa kunifuata. Wao wanabaki vilevile?

Jibu: Hapana kaka, wao wanakutegemea wewe. Wapeleke siku ileile ya maombi yako ya ukaazi, na cheti cha ndoa na vya kuzaliwa vilivyothibitishwa. Hakikisha pia kila pasipoti ina ukurasa mzima mtupu, maana za watoto hujaa stika haraka.

Swali: Pasipoti ikiwa polisi, naweza kupanda treni?

Jibu: Ndiyo, kwa stakabadhi, ndani ya China. Fika kituoni mapema na utumie dirisha la mtumishi, kwa sababu mashine haziisomi. Kuvuka mpaka huwezi, na Hong Kong na Macau zinahesabiwa kuwa kuvuka mpaka. Ukipata msiba wa ghafla, piga 12367, simu ya uhamiaji inayopokelewa saa 24 kwa Kichina na Kiingereza, uulize kuhusu kuharakishiwa.