Ukitaka kuisoma picha ya Elizabeth I, anza na mikono

Ukikutana na picha ya Malkia Elizabeth I wa Uingereza, macho yatakimbilia usoni. Yangu yalikimbilia huko miaka mingi, na sikuambulia kitu. Siku hizi ninaanza kwa kuufunika uso kwa kidole gumba. Uso ule ulikuwa ukinakiliwa kutoka picha hadi picha, na wachoraji wengi hawakuwahi kumtazama malkia akiwa ameketi mbele yao. Mwaka 1596 baraza lake la washauri liliagiza picha zenye kumchukiza ziharibiwe.

Sasa chukua picha ya Armada, ya mwaka 1588 hivi, kundi hilo la merikebu za vita za Hispania liliposhindwa baharini. Utazame mkono wa kulia. Umetulia juu ya tufe la dunia, vidole vimefunika Amerika, bara ambalo Waingereza walikuwa bado hawajapata makazi ya kudumu. Hiyo ni tamaa, na imechorwa kana kwamba imeshatimia. Panda juu kidogo: taji liko karibu na mkono huohuo.

Halafu nenda kwenye madirisha mawili nyuma yake. La kushoto kwetu lina merikebu za Waingereza kwenye bahari shwari. La kulia lina dhoruba, na merikebu za Wahispania zinasukumwa miambani. Hakuna siku ambayo chumba kimoja kingeona bahari hizo mbili. Na angalia kaupa mgongo upande gani: dhoruba.

Lulu usizihesabu, zimejaa kila mahali. Zilikuwa alama ya ubikira wa mwanamke aliyekataa kuolewa.

Sasa ondoa kidole. Ana miaka 55, na hana hata kunyanzi moja.

Hatua ninayoithamini kuliko zote ni kuuliza nani aliagiza picha, kwa sababu si kila propaganda ilitoka kwa malkia. Ile ya Ditchley, ya mwaka 1592 hivi, kazi ya Marcus Gheeraerts Mdogo, inamwonyesha amesimama juu ya ramani ya Uingereza, na miguu imekanyaga Oxfordshire. Huko ndiko alikokuwa na nyumba yake ya Ditchley Sir Henry Lee, aliyeiagiza. Lee alikuwa amemuudhi malkia kwa kuishi na Anne Vavasour, hawara yake. Soma maandishi ya Kilatini pembeni: malkia anaweza kulipiza kisasi, wala halipizi. Hapo anayesema ni Lee, na anayeombwa aamini ni malkia mwenyewe.